Kabla Picha ya Lofoi Haijasambaa

Mwezi wa Julai 2025 ilisambaa video fupi iliyopigwa ukingoni mwa mto Mara, huko ambako Serengeti ya Tanzania inapakana na Maasai Mara ya Kenya. Nyumbu walikuwa wamefika mtoni kama wanavyofika kila mwaka wakifuata mvua na majani mabichi, wakakuta njia yao imezibwa na watu. Watalii walikuwa wameshuka kwenye magari, wakasogea hadi kwenye ukingo wenyewe, wakajipanga bega kwa bega na simu zao zimeinuliwa. Wanyama wakasitasita, wakarudi nyuma, wakasukumana, na wengine wakajitupa majini mahali ambapo hawakupachagua. Hasira ya waliotazama video hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wizara ya Utalii ya Kenya ilitangaza usimamizi mkali zaidi: mgeni abaki ndani ya gari lake isipokuwa kwenye sehemu zilizoruhusiwa. Lakini lipo jambo katika tukio hilo linalostahili kufikiriwa kuliko hasira yenyewe. Simu iliwavuta wale watu hadi ukingoni, maana walitafuta picha ambayo walikwisha kuiona mara nyingi kwenye vioo vya simu zao. Na simu hiyo hiyo ikawaumbua. Kwa hiyo anayetaka kueleza uhusiano wa mitandao ya kijamii na msongamano wa watalii hafiki mbali kwa kuilaani mitandao wala kwa kuisifu. Inabidi aulize inapafanya nini mahali inapopaonyesha.

Msomaji wa Bel-Air, au wa mtaa mwingine wowote wa komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, anaweza kusema hayo ni ya wenzetu. Lubumbashi inajulikana kwa shaba. Picha yake iliyozoeleka ni bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho ubavuni mwake. Wageni wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Luano wanakuja kwa shughuli za migodi, na hakuna anayelalamika kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu imefurika watu. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya sisi kulizungumza jambo hili sasa. Hoja yangu ni kwamba mitandao ya kijamii haizalishi watalii kutoka hewani. Inawachukua watu ambao wangetawanyika sehemu mia na kuwakusanya sehemu moja, tena kwa wakati mmoja, na inafanya hivyo haraka kuliko wasimamizi wa mahali hapo wanavyoweza kujiandaa. Mahali palipowekewa kikomo kabla ya kuvuma hubaki na amani. Mahali palipovuma kwanza hupata kikomo kwa ugomvi, kama hukipata kabisa.

Zamani sifa za mahali zilitembea polepole. Mtu alisafiri, akapiga picha, akarudi nyumbani, akapeleka filamu studio isafishwe, na kufikia wakati majirani wanaiona picha hiyo msimu ulikuwa umekwisha. Vitabu vya kuwaongoza wasafiri vilichapishwa upya baada ya mwaka, pengine miaka. Kuchelewa huko kulikuwa breki ambayo hakuna mtu aliyeitunga. Instagram ilipoanza Oktoba 2010, na TikTok ilipoenea miaka michache baadaye, breki hiyo ilikatika. Leo picha inafika kwa maelfu ya watu kabla aliyeipiga hajaondoka pale aliposimama, ikiwa na jina la mahali na ramani ya kufika. Na huo mfumo wa kompyuta unaochagua nani aonyeshwe nini hauna habari yoyote kuhusu mahali penyewe. Unajua tu kama watazamaji waliitazama video mpaka mwisho. Ikiwavuta, inapelekwa kwa wengi zaidi, iwe inaonyesha uwanja wa kutosha watu 50,000 au mwamba wa kukaliwa na watu watano. Upana wa barabara, idadi ya vyoo, umbali wa zahanati, unyonge wa udongo, vyote hivyo havimo kwenye hesabu yake. Isitoshe, picha yenyewe huuficha msongamano. Mpiga picha husubiri wenzake watoke mbele yake, au huinua simu juu ya vichwa vyao, ili maporomoko yaonekane kana kwamba yuko peke yake nayo. Anayeiona akiwa nyumbani anaamini pale ni patulivu, na kwa imani hiyo anafunga safari kwenda kuongeza umati asioujua.

Mfano unaonishawishi kuliko yote haukutokea Afrika, na hauhusu watalii wa kutoka mbali. Roccaraso ni mji mdogo wa milimani katika Italia ya kati, wenye wakazi wapatao 1,500, ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Januari 2025 mwanamke mmoja maarufu wa TikTok kutoka Napoli, Rita De Crescenzo, aliusifu mji huo katika video zake. Jumapili ya tarehe 26 mwezi huo ziliingia basi zaidi ya 200 zikiwa na watu wapatao 10,000, wengi wao kutoka Napoli na vitongoji vyake, waliolipa nauli ndogo kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Barabara zikafungana, takataka zikabaki kwenye theluji, na wiki iliyofuata meya akaweka mpaka wa basi 100. Wala hapakuwa na ndege mpya iliyoanzishwa, wala hoteli mpya iliyofunguliwa, wala mlima haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu wa mji mkubwa wa jirani waliangalia kitu kimoja ndani ya wiki moja. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni 2, wengi wao vijana, na kiu yao ya kutoka nje ya vumbi la mji mwisho wa wiki si siri. Video moja ikiwashika vijana wa Katuba, Ruashi na Kampemba kwa pamoja, hazitahitajika safari za ndege kutoka Ulaya ili mahali padogo pajazwe. Basi za kukodi zitatosha.

Tazama pia hatima ya waliojaribu kuweka mipaka baada ya kuvuma. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye watu wasiozidi 800, hupokea katika siku za kilele wageni wanaofikia 10,000. Mwaka 2023 wenyeji walisimamisha ukuta wa mbao ili kuziba mandhari ambayo kila mtu alitaka kupiga picha mbele yake; malalamiko yakaja, ukuta ukaondolewa. Mwaka uliofuata mji wa Fujikawaguchiko huko Japani uliweka pazia jeusi kando ya barabara, urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5, kwa sababu watalii walikuwa wakivuka ovyo na kuegesha magari popote ili wapate picha ya mlima Fuji ukitokeza juu ya duka moja la kawaida. Pazia lilitobolewa matundu mapema sana, na baada ya miezi michache likashushwa. Sizitaji juhudi hizi kwa kuzibeza. Wenyeji wa kule walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hushika kilicho karibu. Ila zinaonyesha jinsi inavyokuwa vigumu kuwaambia watu milioni moja kwamba kitu walichokwisha kuahidiwa kwa picha hawakipati. Katika Japani kuna milima na maduka tele. Umati ulitaka mlima ule, duka lile, kutoka upande ule wa barabara. Mtandao humpa mtu fremu, na fremu ni ndogo sana kuliko nchi.

Kwa wanyama gharama ni nzito zaidi, na haionekani kwenye picha hata ukiikuza. Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma wa Maasai Mara, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2018 yanapaswa kujulikana na kila anayependa kutazama wanyama. Katika maeneo yenye watalii wachache, duma jike alifikisha wastani wa watoto 2.3 wa kila uzao hadi umri wa kujitegemea. Katika maeneo yenye watalii wengi wastani huo ulikuwa 0.2. Maana yake ni kwamba uzao 10 upande mmoja unatoa duma wadogo 23 walio hai, na upande wa pili unatoa wawili. Hakupata ushahidi kwamba magari yanawaua moja kwa moja. Maelezo yanayoelekea kuwa kweli ni kwamba mama akizingirwa hushindwa kuwinda, au hufukuzwa kwenye mawindo yake, au hutenganishwa na wanawe. Na hakuna hata mgeni mmoja katika magari yale anayeweza kuitwa mwuaji. Kila mmoja alikaa dakika zake, akapiga picha zake, akaondoka akiwa na upendo wa kweli kwa duma. Sheria ya Mara inasema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, na wengine wasubiri kwa mbali. Sheria hiyo huvunjwa kila msimu kwa sababu madereva wanaitana kwa redio na simu, na kwa sababu bakshishi ya dereva hutegemea mteja wake alisogea karibu kiasi gani. Dereva huyo ana watoto wa kusomesha. Kumlaumu yeye peke yake ni kukwepa swali la nani aliyemfundisha mteja kwamba safari bila picha ya karibu ni hasara.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi lililo kubwa, nalo halipaswi kupitwa haraka. Msongamano ulikuwepo kabla ya simu. Tangu miaka ya 1970 wataalamu waliokuwa Amboseli, nchini Kenya, walieleza jinsi duma wa kule walivyozingirwa na magari ya watalii. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakifukuzwa na mashua za wageni kabla Instagram haijazaliwa: watafiti waliowachunguza mnamo 2008 waliona kwamba pomboo hao walipofuatwa na mashua walipunguza kula na kupumzika, wakatumia muda mwingi zaidi kuhama. Mwaka 1950 watu waliosafiri nje ya nchi zao kwa utalii walikuwa takriban milioni 25 duniani kote. Mwaka 2024 walifika bilioni 1.4. Ndege zimekuwa nafuu, tabaka la kati limekua Uchina na India na hata Nairobi, na nchi zenyewe zinashindana kuvuta wageni. Mtu akisema mitandao inabebeshwa lawama za mambo makubwa zaidi yake, ana ukweli mkononi.

Nakubali yote hayo, na bado naona hoja inasimama. Ongezeko la wasafiri linaeleza kwa nini watu ni wengi. Halielezi kwa nini ni wengi pale na si hatua mia mbili kando. Serengeti peke yake ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000, na Mara ina kama 1,500. Magari yote yaliyoingia humo siku ile ya Julai yangeweza kutawanyika na kila mgeni akaona wanyama kwa utulivu. Yalikusanyika kwenye vivuko kwa sababu kivuko ndicho kilichoonyeshwa. Umaarufu umefika hata kwa mnyama mmoja mmoja: simba wa Mara aliyeitwa Scarface, kwa sababu ya kovu lililokuwa juu ya jicho lake, alikuwa na wapenzi duniani kote hadi alipokufa Juni 2021, na wageni walifika wakimtaja kwa jina. Amboseli ya miaka ya 1970 ilikuwa na tatizo hilo hilo kwa kiwango cha redio na midomo ya madereva. Simu imeliongezea kasi na ukubwa, na imemwingiza mtu ambaye hata kwenye gari hayumo, yule anayetazama picha usiku huu na kuamua safari yake ya mwaka ujao. Mifano ya zamani inaonyesha pia kwamba tulikuwa na miaka hamsini ya kujifunza kuweka mipaka, tukaitumia vibaya.

Mfano bora wa mipaka tunao katika ukanda wetu wenyewe, kwenye milima ya sokwe. Rwanda, Uganda na Kongo zote zimekubaliana juu ya jambo la msingi: kundi dogo la wageni kwa familia moja ya sokwe kwa siku, saa moja tu, na umbali ambao kwa miaka mingi ulikuwa usiopungua mita 7. Rwanda hutoa vibali 96 kwa siku, basi. Hakuna video, hata ikitazamwa mara bilioni, inayoweza kuufanya mlango huo upitishe mtu wa 97. Sensa iliyotangazwa mwishoni mwa 2019 ilihesabu sokwe wa milimani 1,063, idadi iliyokuwa inapanda, na mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamekwisha kuondolewa kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sidai kwamba utalii peke yake ndio uliowaokoa. Madaktari wa wanyama na walinzi waliokufa kazini wana sehemu kubwa zaidi. Nasema tu kwamba kikomo kiliwekwa mapema, kabla ya dunia kushika simu, na umaarufu ulipokuja ulikuta foleni badala ya kukuta uwazi.

Hata hivyo kikomo cha idadi hakikomeshi hamu. Watafiti wakiongozwa na Gaspard Van Hamme walizichambua picha 858 zilizowekwa Instagram kati ya 2013 na 2019 na watu waliokwenda kuwaona sokwe. Katika asilimia 86 ya picha hizo, mtu alikuwa chini ya mita 4 kutoka kwa sokwe, umbali ambao mafua yetu yanaweza kumfikia mnyama asiye na kinga nayo. Wanaosoma haya wakumbuke picha ya Aprili 2019 kutoka Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ambamo mlinzi Mathieu Shamavu alijipiga pamoja na Ndakasi na Ndeze, sokwe wawili waliosimama wima nyuma yake kama watu. Hifadhi iliieleza picha hiyo kwa uangalifu: hao ni yatima waliookolewa mwaka 2007 baada ya wazazi wao kuuawa, wamelelewa na walinzi, na si sahihi kamwe kumkaribia sokwe wa porini. Picha ilizunguka dunia, ikaleta upendo na msaada kwa Virunga, nami naiona ni picha ya heshima kwa wanaume wanaofanya kazi ngumu kuliko kazi nyingi tunazozijua. Lakini kila iliposambazwa upya maelezo yalibaki nyuma. Waliobaki na picha tupu walijifunza somo la kinyume, kwamba kuna mahali katika Kongo ambako unaweza kukumbatiana na sokwe.

Pingamizi la pili ni letu hasa, na lina uchungu. Kongo haina msongamano wa watalii. Ina vita mashariki, ina barabara mbovu, na vijana wasio na kazi. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na wageni wa Virunga na Kahuzi-Biega hawapo. Katika hali hiyo kumwonya mtu wa Haut-Katanga juu ya wingi wa watalii kunaweza kuonekana kama kumwonya mwenye njaa juu ya kuvimbiwa. Najibu kwamba kikomo hakizuii mapato. Rwanda ilipandisha kibali cha sokwe hadi dola 1,500 mwaka 2017, na wakati huo huo ikaongeza sehemu ya mapato ya hifadhi inayokwenda kwa vijiji vya jirani kutoka asilimia 5 hadi 10. Ni nchi ndogo inayouza kitu kichache kwa bei kubwa. Msongamano, kwa upande mwingine, huleta umati wenye mifuko iliyofungwa: watu wa basi wanaoshuka, wanapiga picha, wanaacha chupa, wanaondoka kabla ya jua kuzama. Kijiji kilicho jirani hubaki na chupa. Kama jimbo letu linahitaji fedha za utalii, na linazihitaji kweli, basi linahitaji wageni wanaolala usiku mmoja, wanaokula kwa mama wa kijijini na kumlipa kijana anayeijua njia. Wageni wa aina hiyo hukimbia mahali palipojaa.

Linalofuata ni pingamizi la haki, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kila tunapoweka bei kubwa tunawafungia nje watu wa nchi. Maasai Mara ilipandisha ada ya wageni wa nje mwaka 2024 hadi dola 100 kwa nusu ya kwanza ya mwaka na 200 kwa nusu ya pili, yaani msimu wa nyumbu. Kwa mtalii wa ng'ambo ni kero ndogo, na mwaka uliofuata umati ulikuwa bado uko kwenye vivuko. Na katika lawama zilizowaangukia watu wa Napoli kule Roccaraso, sehemu kubwa ilikuwa dharau ya matajiri kwa maskini waliothubutu kuja mlimani. Mtoto wa mchimba madini ana haki ya kuyaona maporomoko ya nchi yake sawasawa na mhandisi wa kigeni anayemwajiri baba yake. Kwa hiyo kikomo chetu kihesabu vichwa na saa, kisihesabu pesa. Kwa jirani zetu Zambia, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, liko bwawa dogo ukingoni kabisa mwa maji yanayoanguka, liitwalo Devil's Pool, mojawapo ya sehemu zinazopigwa picha sana kusini mwa bara hili. Huwezi kwenda pale peke yako. Unakwenda na mwongozaji, katika kundi dogo, kwa zamu, na maji yakijaa panafungwa kwa kila mtu, mwenye fedha na asiye nazo. Bei ya pale ni ya juu mno kwa watu wetu, na hiyo sehemu nisingeiiga. Utaratibu wa zamu ningeuchukua leo.

Wako wanaopendekeza njia nyingine, kwamba mpiga picha afiche jina la mahali. Bodi ya utalii ya Jackson Hole, katika jimbo la Wyoming huko Marekani, iliwaomba wageni hivyo mwaka 2018: waweke jina la eneo kwa ujumla, wasitaje ziwa lenyewe. Nia ilikuwa njema. Wakosoaji wakajibu kwamba siri ya namna hiyo humfaa yule aliyezaliwa karibu au mwenye marafiki wanaojua, na kumwacha nje mgeni halisi. Nadhani wakosoaji walikuwa sahihi kwa nusu. Kwa kiota cha ndege adimu, kwa pango lenye popo, kwa kaburi la mababu, kunyamaza ni heshima. Kwa maporomoko ya mita mia kadhaa, siri haidumu wiki. Na wala serikali hazitaki siri: Tanzania ilipeleka intaneti mlimani Kilimanjaro mwaka 2022, hadi kituo cha Horombo kwenye mita 3,720, na usalama wa wapandaji ulikuwa mojawapo ya sababu, sababu nzuri. Mtandao utafika kila mahali. Kinachobaki mikononi mwetu ni hali ya mahali siku utakapofika.

Basi turudi nyumbani. Kaskazini mashariki mwa Lubumbashi, mto Lofoi unafika ukingo wa uwanda wa juu wa Kundelungu na kuanguka takriban mita 340 kwa mruko mmoja, mojawapo ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika ya kati. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970. Wakati wa masika maji ni mengi na barabara ni mbaya. Wakati wa kiangazi barabara inapitika na maji yanapungua sana. Mahali hapo pana kila kitu ambacho video hutaka: kimo, ukungu, ukimya, ukingo wa hatari. Kinachopakinga kwa sasa ni ugumu wa kufika tu, na ugumu huo ni jambo tunaloliomba liondoke. Barabara itakapotengenezwa, kama tunavyoidai, Lofoi itakuwa safari ya mwisho wa wiki kwa mji wa mamilioni. Ardhi ya juu ya uwanda ni nyasi na udongo mwepesi. Na Katanga ina milima ya shaba yenye mimea isiyoota kwingineko duniani, mimea midogo ambayo mtu huikanyaga bila kujua ameikanyaga. California walijifunza hilo kwa maua ya kawaida kabisa: Machi 2019 umati ulioitwa na picha ulimiminika kwenye bonde la Walker Canyon, karibu na mji wa Lake Elsinore, ukakanyaga vilima vilivyochanua, na maua yalipochanua tena mwaka 2023 mji ulilifunga bonde kabla umati haujaanza kufika.

ICCN, yaani taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, pamoja na serikali ya jimbo, inaweza kufanya mambo machache yasiyohitaji mamilioni ya dola, na ifanye kabla ya lami. Iamue ni watu wangapi wanaoweza kusimama kwenye ukingo wa Lofoi kwa wakati mmoja bila kuuharibu na bila kuanguka. Iwafundishe vijana wa vijiji vya jirani kuwa waongozaji, na iwe sheria kwamba hakuna anayefika ukingoni bila mmoja wao. Itenge sehemu ya nafasi za kila Jumamosi kwa wenye vitambulisho vya Kongo, kwa bei ambayo familia ya Kampemba inaimudu, na sehemu nyingine kwa shule. Iwaambie wenye basi idadi ya basi mapema, isingoje Jumapili ya kwetu kama ile ya Roccaraso. Kisha itumie mitandao ile ile: ukurasa mmoja wa hifadhi, unaowekwa upya kila jioni, wenye picha za Lofoi nzuri kuliko za mtu yeyote, na juu ya kila picha idadi ya nafasi zilizobaki kwa Jumamosi ijayo, ili kijana wa Bel-Air anayeiona saa tatu usiku ajue papo hapo kama aje wiki hii au wiki mbili baadaye.